Agizo Lisilorudiwa

Kila Ijumaa baada ya masomo, Klabu ya Anga ilikusanyika uwanjani. Baiskeli zilikuwa ndege, mistari ya chokaa ilikuwa njia zake, na aliyekaa juu ya jukwaa na redio ya mkononi alikuwa mwongoza ndege. Njia mbili zilikutana kwenye kona ya maktaba, mahali ambapo waendeshaji hawakuonana. Kutoka jukwaani tu ndipo wote wawili walipoonekana.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Sindano, msichana mwembamba wa darasa la sita, naye alikuwa amefura kwa hasira. Jumanne, Kidomo alikuwa amemnyooshea kidole mbele ya darasa zima. "Jamani, viatu vya Sindano vinaongea!" Watu walizitazama soli zilizoachama, wakaangua kicheko. Sindano hakulia, ila aliapa kumkomoa.

Shangazi yake, mwongoza ndege wa kweli, ndiye aliyewafundisha, na wanaklabu wote walimwita Shangazi. Kanuni yake walikuwa wakiiota: rubani akipewa agizo, alirudie lote. Asiporudia, mhesabu kuwa hajasikia, umwite tena.

Sindano alimruhusu Kipusa, shoga yake mkubwa, apite konani. Kisha akabonyeza kitufe kumwita Kidomo, aliyekuwa Ndege Mbili. "Ndege Mbili, simama kabla ya kona."

Kimya. Kidomo alikuwa akipiga mluzi, redio ikining'inia shingoni.

Sindano alijua kabisa kwamba hajasikia. Akaondoa kidole kwenye kitufe. Mwache apite bila ruhusa, aliwaza, afukuzwe klabuni mbele ya watu, naye aonje kuchekwa! Wazo hilo lilikuwa tamu mno. Alipomkumbuka Kipusa, alikuwa amechelewa.

Baiskeli ziligongana kwa kishindo. Kipusa alianguka chini, goti limepasuka, damu ikimtoka.

Shangazi alifika mbio, akalifunga goti kwa kitambaa. "Kidomo, hukuambiwa usimame?"

"Sikusikia, Shangazi, haki ya Mungu!"

"Mwongo! Tumemsikia Sindano akimwambia!" wenzake walipiga kelele. "Atolewe!"

Kilichobaki ni Sindano kunyamaza tu, Kidomo afukuzwe. Alimtazama Kidomo akilengwa na machozi, akafurahi hasa. Ndipo Kipusa aliposema huku akigumia kwa maumivu, "Sindano hawezi kunikosea mimi."

Maneno hayo yalimchoma. "Hakurudia agizo," Sindano alisema. "Nilijua hajasikia. Nimenyamaza makusudi, nimkomoe."

Wote wakamgeukia.

Goti la Kipusa lilishonwa nyuzi nne. Sindano aliwaomba radhi Kipusa na Kidomo, na Kidomo akaomba radhi kwa ule mzaha wake, macho chini. Shangazi alimwondoa Sindano jukwaani hadi muhula uishe, kisha akamketisha kando yake.

"Umesema kweli, nakushukuru. Lakini sikiliza, mwanangu. Kazini kwetu, mtu akija na kinyongo, anamwachia mwenzake kiti, wala si aibu. Wewe ulimlenga Kidomo, ukamuumiza Kipusa. Ukiona mtu hajasikia, mwite tena hata kama humpendi. Hasa kama humpendi."