Kisigino cha Fausta

Kila asubuhi, akielekea kukamua ng'ombe, mama yake Fausta aliuliza, "Umevuta mguu?"

"Nimevuta, mama," Fausta alijibu. Kumbe ile kanga ya kuvutia mguu ilikuwa chini ya mto, haijakunjuliwa.

Alikuwa anaogopa. Alikuwa ameteleza na ndoo ya maji mtelemkoni akavunjika mguu, ukakaa miezi miwili ndani ya plasta ngumu. Ilipotolewa, kisigino hakikufika chini, akawa anatembelea vidole. Hospitalini wakamwagiza apitishe kanga chini ya unyayo na kuuvuta kila siku. Kisha Judica, aliyekaa naye dawati moja, akamnong'oneza, "Usithubutu kuvuta. Mshipa utakatika kama kamba!" Tangu hapo, kila aliposhika kanga, aliyakumbuka maneno hayo, akairudisha chini ya mto.

Baada ya wiki tatu yeye na mama walirudi hospitalini Dongobesh.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba." Bwana Gidamis, mtaalamu wa viungo, akaupima mguu, akakunja uso. "Mbona uko palepale? Anafanya mazoezi?"

"Kila siku," mama akajibu.

Fausta akamgeukia mama yake. "Mama, nilikudanganya. Naogopa utakatika."

Mama alimshika mkono, akampandisha kitandani.

"Lala, ulegeze mguu kabisa," alisema Gidamis. Akausukuma unyayo taratibu, hadi ukagoma.

"Siyo mimi ninayekaza!" Fausta alilia.

"Najua. Msuli hata ukilegea, hukataa kuvutwa. Umeona ule utando mweupe kwenye nyama ya mbuzi? Msuli wako nao umefungwa na utando kama huo, mgumu. Ulikaa muda mrefu bila kunyooshwa, ukafupika. Ukiuvuta ghafla, utaumia. Ukiuvuta polepole na kuushikilia, unakubali kidogo kidogo. Haya, hesabu hadi thelathini."

Fausta alifumba macho akahesabu, huku akisubiri mlio wa kukatika. Kumi. Ishirini. Haukuja. Alisikia mguu ukivutika, ukiuma kiasi, kisha ukilegea kidogo.

Tangu siku hiyo mama alikaa kando yake wakihesabu pamoja. Wiki ya sita, Fausta akifagia uwanja, kisigino kiligusa udongo wa baridi. Alimwita mama kwa kelele.

Mama aliinama, akakitazama kwa muda.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," alisema. "Kosa ni kunificha. Ungeniambia siku ya kwanza, tungeogopa wawili, na mguu ungepona mapema."