Mkunjo wa Shati la Safari

Kola ilikuwa imekunjiwa ndani.

Mke wa fundi lifti alilitoa lile shati sandukuni, akaligeuza huku na huku, akaliweka kitandani. Yeye ni dobi, amepiga pasi nguo za watu tangu usichana wake hadi mvuke ukamwachia kikohozi kidogo, na kila dobi ana mkunjo wake kama watu walivyo na miandiko yao. Huu haukuwa wake. Na sanduku alilifunga mwenyewe asubuhi ile, kwa kuwa kesho yake jioni mumewe alikuwa anapanda treni ya usiku kwenda mji wa mbali kutengeneza lifti ya hospitali, na mtu aliyelala ndani ya behewa hapaswi kushuka na shati lenye makunyanzi.

"Umegusa sanduku?"

Fundi alikuwa anapiga mswaki. "Niliguse la nini? Mimi hata soksi zangu sijui zilipo."

Hilo lilikuwa kweli. Mwanamume huyu aliwahi kuzitafuta soksi alizozivaa. Lakini shati lilikuwa linanukia marashi ya waridi, na chini ya marashi hayo kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo mbichi uliofunikwa siku nyingi. Dobi alilikunja shati upya, akabana vishikizo vya sanduku, ta, ta, akaenda kupika akiwa na lake moyoni.

Jioni fundi aliingia bafuni na kuanza kuimba kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Dobi alikuwa jikoni anakata vitunguu. Ndipo akasikia kutoka chumbani: ta, ta.

Alikwenda mbio na kisu mkononi. Hakukuwa na mtu. Godoro lilikuwa limebonyea mahali alipokaa mtu, na likajinyanyua polepole akilitazama. Safari hii kola ya shati ilikunjwa vizuri, kama anavyokunja yeye, ila mikono ilikosewa kidogo. Dirisha lilikuwa wazi. Basi wivu ukamwambia linaloingia akilini upesi: kuna mwanamke anaingia kwangu kumfungia mume wangu sanduku! Usiku alilala amempa mumewe mgongo, na maskini wa Mungu hakujua kosa lake.

Asubuhi alikuja shangazi yake. Aliposikia mambo hayo aliomba shati alinuse, akalisogeza mbali na uso.

"Mwanangu," alisema kwa kunong'ona, "hawara humvizia mwanamume huko nje. Huyu yuko humu ndani na nyinyi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Shangazi, usinitishe."

"Nakutisha ndiyo, utishike! Naenda kumleta mganga leo leo. Mumeo akisafiri, na asafiri. Wewe usitoke humu. Nyumba isiyo na mwenyewe hupata mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kusikia ni kitu kimoja. Shangazi alipoondoka, dobi alifungua sanduku kwa mara nyingine. Shati lilikunjwa sawasawa kabisa, kola, mikono, hadi ule mbano wa kidole gumba pembeni aliofundishwa na marehemu mama yake na ambao hajawahi kumwonyesha mtu. Chini ya shati kulikuwa na gauni la kulalia la mwanamke, jipya, linanukia waridi.

Mtu mwingine angejiuliza ni nani huyo anayejifunza mikono yake. Yeye aliliona gauni tu. Chumba cha behewa kina vitanda viwili, na gauni lilimwonyesha nani atalala cha pili. Alimpenda mumewe, tuseme ukweli, alimpenda hadi akawa mjinga.

Fundi aliaga alasiri, akapitia karakana kuchukua vifaa vyake. Dobi alifunga mlango nyuma yake, akajitanda, akawahi stesheni. Kitanda cha juu katika chumba cha mumewe kilikuwa bado hakijauzwa. Hilo pekee lingemfumbua macho, lakini alilipa, akapanda, akakaa nyuma ya mlango na mkoba mapajani. Za mwizi arobaini, akajiambia.

Mhudumu wa behewa alileta shuka na blanketi. "Vua viatu upumzike, mama. Tukishaondoka, hatusimami tena hadi asubuhi."

"Mume wangu hajafika."

"Atafika tu. Wengine hudandia honi ikilia."

Honi ililia. Treni ikajivuta, majengo ya stesheni yakapita dirishani, zikafuata nyumba, kisha vichaka, na hakuna mwanamume aliyeingia wala mwanamke. Dobi akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani, niwe wapi?" Fundi alikuwa anatafuna. "Acha utani, bibie. Umenifuata karakana ukalia mbele ya mafundi wote kwamba nisikuache, nimeahirisha safari ya watu, na sasa unanipigia simu ukiwa jikoni?"

Alikaa kwenye kitanda cha chini kilichokuwa cha mumewe, akaibana simu sikioni kwa mikono miwili, akamwambia mume wangu toka humo, toka sasa hivi, usile hicho chakula, usigeuke kumtazama, mimi niko ndani ya treni, sikiliza magurudumu haya, mimi ndiye mkeo, na kadiri alivyosema ndivyo magurudumu yalivyozidi kukimbia kumpeleka mbali na mlango wake.

Fundi aliacha kutafuna. "Mbona nasikia treni?" aliuliza taratibu.

Kule nyuma yake kulikuwa na mtu anaimba. Wimbo ulikatika. Nyayo zikakaribia, bila haraka.

"Nani huyo, mume wangu?"

Ilikuwa sauti ya dobi mwenyewe, ikitokea kule nyumbani, na kile kikohozi chake kidogo cha mvuke wa pasi. Kisha vishikizo vikalia sikioni mwake, ta, ta.

"Kata simu ule. Nguo zako nimesharudisha kabatini. Huendi tena popote."