Darubini Yenye Makengeza

Kila jioni Chiriku alianua nguo kambani, akafagia nywele zilizodondoka chini ya kiti cha wateja wa mama yake, kisha akaosha vyombo huku akiongea. Akikosa wa kuongea naye, aliongea na masufuria. Ndiyo maana hata nyumbani walikuwa wamesahau kumwita kwa jina lake halisi. Mama yake alikuwa msusi na alifanyia kazi barazani. Wateja walisema ukienda kusuka pale unarudi na habari za mtaa mzima, nusu umepewa na mama, nusu na binti.

Siku mjomba wake, dereva wa lori, alipomletea boksi refu kutoka safarini, Chiriku alinyamaza kwa mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na darubini. Ilikuwa na bomba jeupe lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, miguu mitatu ya kusimamia na, juu ya bomba hilo, kidarubini kidogo cha kulengea. Lakini kilichomnyamazisha hasa ni picha ya kwenye boksi. Ilikuwa sayari ya Zohali, kubwa kama sinia, ya dhahabu na zambarau, imezungukwa na pete zinazong'aa.

"Mjomba, nitaiona hivi hivi?"

"Kwani boksi linasema uongo?" Mjomba alicheka, akaenda zake kulala. Safari ilikuwa imemchosha.

Baada ya chakula, Chiriku aliibeba darubini hadi uani. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewaonyesha darasani mahali pa kuitafuta Zohali mwezi ule: upande wa mashariki, juu ya tangi la maji la jirani, nyota ya manjano isiyometameta. Aliiona bila shida. Akailenga kwa kidarubini kidogo mpaka ikakaa katikati kabisa. Kisha akaweka kioo cha kuchungulia chenye nguvu kuliko vyote, akasogeza jicho kwenye bomba kubwa.

Giza tupu.

Akazungusha kitasa hiki, akazungusha kile. Giza. Akahakikisha kifuniko cha mbele kimetolewa. Kilikuwa kimetolewa. Akalenga upya, akachungulia upya, mpaka shingo ikakakamaa na mbu wakamla miguu yote.

Usiku wa pili aliona kitu, akaruka kwa furaha. Kumbe zilikuwa kope zake mwenyewe. Baadaye nuru fulani ilipita ndani ya kioo kama panya anayekimbizwa, akaigusa darubini ili aifuate, ikapotea jumla. Aliingia ndani kimya, akalala na nguo zake. Alijiona mjinga. Watoto wa kwenye picha nyingine ya boksi walikuwa wamesimama kando ya darubini wakitabasamu, na hakuna hata mmoja aliyeonekana ameumwa na mbu.

Kesho yake darasani, mwalimu alimgeukia. "Haya, mwenye darubini, tupe habari. Umeiona Zohali?"

Chiriku angeweza kusema, "Bado, mwalimu." Hayo tu. Lakini macho ya darasa zima yalikuwa yamemwelekea, na ulimi wake ulikuwa umezoea kutangulia mbele ya akili.

"Nimeiona, mwalimu!"

Akaenda ubaoni, akachora sayari kubwa na pete zake. Akasema ni ya dhahabu na zambarau. Akasema inang'aa mpaka inaumiza jicho. Kila alichosema kilitoka kwenye boksi.

"Mwongo huyo!" aliropoka mvulana waliyemwita Mbishi. "Zambarau? Mbona sisi tunaiona kama nyota tu?"

Hapo akainuka Pacha. Yeye na Chiriku hawakuwa ndugu. Waliitwa pacha kwa sababu walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na ukimwona mmoja mwenzake hayuko mbali. Tofauti ni kwamba huyu aliongea kwa nadra, basi akiongea watu walimsikiliza.

"Naapa ameiona," Pacha alisema.

"Wewe umeiona?" Mbishi akamuuliza.

"Sijaiona. Ila amesema yeye, na yeye hanidanganyi."

Mwalimu akapiga makofi. "Ugomvi wa nini? Ijumaa jioni kikundi cha sayansi kitakwenda kwa kina Chiriku kuiona kwa macho yake. Nitamwomba mama yake ruhusa."

Siku zilizobaki zilikuwa ndefu na chungu. Kila usiku alitoka uani, na kila usiku aliambulia patupu. Wali aliuchezea kwa kijiko tu. Masufuria aliyaosha bila kuyasemesha. Alijaribu kuugua, lakini mama alimgusa paji la uso, akamwambia avae sare. Aliomba mvua inyeshe Ijumaa. Akaomba mwalimu apate dharura, halafu akaogopa kwa kuwa ameomba vibaya. Kila Pacha alipomuuliza, "Siku hiyo utaniacha nichungulie wa kwanza, siyo?" alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alhamisi usiku, baada ya kukosa tena, alikaa chini na kulia. Kisha wazo likamjia. Darubini ikivunjika, nani atauliza? Angesema imeteleza. Aliinuka, akaifungua kutoka kwenye miguu yake, akainyanyua juu ya sakafu ya saruji. Kisha akasita. Ile darubini mjomba aliibeba njia nzima kwenye kiti cha mbele, amemwagiza utingo akae nyuma na mizigo.

"Unaipeleka wapi?" Mama alikuwa amesimama mlangoni.

Chiriku aliishusha polepole. Halafu akasema yote, kwa kwikwi na makamasi: giza, kope, ubao, zambarau, kiapo cha Pacha, na hata alichotaka kufanya dakika ile.

Mama hakumpiga wala hakumbembeleza. Aliketi kwenye kizingiti, akamwacha alie mpaka akachoka.

"Njia ya mwongo fupi," alisema. "Yako imefika ukutani. Kesho asubuhi, kabla ya jambo lolote, nenda kwa Pacha."

"Atanichukia, mama."

"Anaweza kukuchukia."

Chiriku alitegemea kuambiwa hapana, hatamchukia. Usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Asubuhi alimvuta Pacha kando ya bomba la maji la shule, akamwambia. Pacha hakupiga kelele. Alimtazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani na sasa hakipo.

"Niliapa mbele ya darasa zima," alisema. Akachukua mkoba wake, akaenda kukaa dawati la nyuma kabisa, peke yake.

Siku ile Chiriku hakutamka neno. Mwalimu alimuuliza kama ana homa. Nafasi tupu pembeni yake ilionekana kubwa kuliko darasa.

Aliporudi nyumbani alisimamisha darubini uani bila tumaini lolote, jua likiwa mgongoni mwake, kwa maana mwalimu aliwaonya kwamba anayelielekezea jua darubini hupofuka papo hapo. Mama alikuwa amemaliza mteja wa mwisho. Alikuja akijifuta mafuta ya nywele mikononi.

"Ile Zohali siijui. Nionyeshe kunguru yule juu ya tangi."

Chiriku alilenga kwa kidarubini kidogo. Kunguru akaonekana katikati. "Huyo hapo."

Mama akachungulia bomba kubwa. "Mimi naona ukuta."

"Ukuta gani?"

"Ukuta wa jirani. Na rangi inabanduka." Mama alirudi nyuma hatua chache, akakunja jicho moja kama afanyavyo akipima mstari wa katikati ya kichwa kabla ya kuanza kusuka. "Mwanangu, hii njia imepinda. Kidogo kinatazama huku, kikubwa kinatazama kule. Darubini yako ina makengeza!"

Chiriku alitazama. Ni kweli. Siku zote alikuwa akilenga kwa jicho moja na kuangalia kwa jingine, na macho hayo hayakuwa yakitazama mahali pamoja.

Alitoa kile kioo chenye nguvu, akaweka chenye nguvu ndogo kinachoonyesha eneo pana zaidi. Akamtafuta kunguru kwa bomba kubwa kwanza, akampata, amesimama kichwa chini miguu juu, kwa sababu darubini ile iligeuza vitu. Mama alicheka mpaka kunguru akaruka. Ikabidi watumie ncha ya tangi. Kidarubini kidogo kilishikwa na skrubu tatu. Chiriku alizikaza na kuzilegeza kidogo kidogo, mpaka ncha ile ile ikakaa katikati ya kidogo na katikati ya kikubwa.

"Angalau wataona tangi," alisema kwa huzuni.

Giza lilipoingia, wakabisha hodi: mwalimu, Mbishi na wenzao. Pacha alikuja nyuma yao, akasimama mbali karibu na ukuta. Chiriku hakungoja kuulizwa. Alijua akingoja, ulimi utapata njia nyingine ya kukimbilia.

"Kabla hamjachungulia," alisema. "Sikuiona Zohali. Nilichora picha ya boksi. Pacha aliniamini, nikamwaibisha. Nimekosa."

"Nilisema mimi!" Mbishi alirukaruka. Wengine walicheka, wengine waliguna. Uso ulimwaka moto, na wala hapakuwa na pa kuuficha. Mwalimu hakumwokoa. Alisema tu, "Tumekusikia. Sasa jaribu."

Chiriku alilenga nyota ya manjano juu ya tangi, akachungulia. Palikuwa na kitu. Kilikuwa kidogo kama punje ya ufuta, rangi ya maziwa yaliyochacha, na kilikuwa na masikio. Hapana dhahabu, hapana zambarau. Alishika pumzi. Punje ile ilitambaa taratibu kuelekea ukingoni, akaifuata, haikupotea. Masikio yale yalikuwa ile pete. Ilikuwepo kweli, huko mbali, bila kumjali mtu.

Wakapanga foleni. Mbishi alipofikiwa alisema, "Ndiyo hii tu?" Lakini hakuondoa jicho, mpaka wenzake wakamvuta shati.

Pacha alikuwa wa mwisho. Aliinama, akakaa sana.

"Hii umeiona lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Leo. Sasa hivi, pamoja nanyi."

Msichana mmoja wa kikundi, aliyechelewa, aliingia akihema, akamshika Pacha mkono. "Eti ni kweli inaonekana?"

"Mimi siapi tena," Pacha alisema. "Njoo uangalie mwenyewe." Akampisha, akasimama kando. Kando hiyo ilikuwa karibu na Chiriku, ingawa hakumtazama.

Wageni walipoondoka, Chiriku alifunika darubini huku machozi yakimtoka tena. "Hajanisamehe, mama."

"Kipi huchukua muda zaidi, kusuka au kufumua?" Mama alikunja miguu ya darubini. "Nywele kufumua ni rahisi kuliko kusuka. Imani ya mtu ni hivyo hivyo. Umeifumua kwa neno moja, sasa utaisuka upya, msuko mmoja mmoja, na yeye ndiye mwenye kichwa. Akisema inauma, unasubiri."

"Na kama haitarudi?"

"Utakuwa umejifunza kusema ulichokiona, hata kama ni kidogo kama ufuta. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi." Aliigonga darubini kwa kucha. "Huyu makengeza yake tumeyanyoosha kwa skrubu. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, na wala hauna skrubu. Huo utaunyoosha mwenyewe, kila siku, kabla hujafungua mdomo."

Chiriku alifungua mdomo ajibu. Kisha akaufunga kwanza, akafikiri.