Rhobi na Samaki Chotara wa Mtoni

Kila asubuhi Rhobi alimwaga pumba kwenye bwawa lake la samaki. Mkono ulikuwa kwake, macho yalikuwa kwa Gati, mke wa shemeji yake, waliyeitana mke mwenza. Bwawa la Gati lilikuwa jirani, na sato wake walijaa viganja viwili. Wanunuzi wa Kiabakari walimsalimia Rhobi wakipita, wakaenda kununua kwa Gati. Hata mama mkwe, akitaka kitoweo, alienda huko huko. Hilo ndilo lilimuuma zaidi.

Miaka miwili nyuma mvua ilivunja ukingo wa bwawa la Gati. Sato wake wengine walitorokea mtoni, wakazaana na ngege, samaki wa jamii yao wa humo. Wakatoka chotara wanene, wanang'aa. Rhobi aliwavua wakiwa hai akawatia bwawani kwake. Mwaka huu watanijua, alijisemea.

Baada ya wiki kadhaa samaki wake walizubaa. Alipopasua mmoja akakuta vijinyoo vya njano chini ya ngozi. Akawajaza wagonjwa kwenye ndoo, akaondoka kwenda kuwamwaga mtoni, juu ya mfereji unaopeleka maji kwa Gati. Na samaki wake waugue, tuwe sawa, aliwaza.

Njiani akakutana na Consolata, afisa uvuvi wa kata, anaenda kwa Gati. Consolata akachungulia ndoo.

"Mama, hawa umewatoa mtoni?"

Rhobi akakubali, akamwonyesha vijinyoo, akasema anawarudisha mtoni.

"Chotara si wabaya wote. Ila chotara anaishi na ndugu wa pande mbili. Anaweza kubeba minyoo ya upande wa baba na ya upande wa mama, na wewe unaona unene tu. Ukiwamwaga hapo, unawasambazia minyoo samaki wa mto mzima."

"Sasa nifanyeje?"

Consolata akamweleza polepole. Mayai ya minyoo hiyo hutoka kwa korongo anayekula samaki. Minyoo hukulia kwenye konokono, kisha huingia kwa samaki. Basi akaushe bwawa, atie chokaa, aondoe konokono na majani ya ukingoni. Mdomo wa mfereji aweke wavu wa matundu madogo. Vifaranga vya samaki anunue kwa mzalishaji anayejulikana. Wa mtoni wasiingie bwawani, wa bwawani wasiende mtoni. Samaki wa ndoo awafukie shimoni.

"Na wewe mwenyewe umwambie Gati aweke wavu."

"Gati? Atanicheka."

"Acha acheke. Mnatumia maji yale yale."

Rhobi alisimama muda mrefu mlangoni kwa Gati kabla ya kupiga hodi. Alisema yote, hata ya ndoo. Gati hakucheka. Alienda kutafuta wavu.

Rhobi alifanya kama alivyoelekezwa. Miezi ikapita. Asubuhi moja aliinua uso kutoka kwenye pumba, akamwona Gati kasimama kwenye mfereji, anawatazama samaki wapya wa Rhobi walionenepa.

"Mke mwenzangu, hawa unawapaga nini?"

Rhobi aliyajua macho yale. Alikuwa nayo mwenyewe kila asubuhi. Akafurahi kidogo, hakujizuia. Kisha akasogea, akampa Gati nafasi ukingoni.