Mrija wa Hawo

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, Hawo alifuta upande wake wa dawati kwa ncha ya mtandio, kisha akafuta jicho lake la kushoto. Dawati lilikauka, jicho halikukauka. Tangu azaliwe lilitoa machozi, hata alipocheka.

Siku hizi hakuwa na wa kucheka naye.

"Usinitazame wewe, utaniambukiza!" Ruwaida alimwambia mbele ya darasa zima, akahama na madaftari yake. Hawo akabaki peke yake dirishani, akitazama ng'ombe wakipita vumbini kwenda mtoni.

Kisha Daktari Priscilla alikuja mjini kwao, Garsen, na wenzake wa kliniki ya macho.

"Machozi hushuka puani kwa njia nyembamba," alimweleza Hawo na mama yake. "Njia yako imeziba. Tutaingiza mrija huu wa plastiki laini, mwembamba kama uzi. Lakini bado tunaujaribu, Hawo. Ukikuwasha au ukikuuma, niambie."

Mrija ulipowekwa, jicho lilikauka. Ruwaida akarudi dawatini, akiwa ameketi ukingoni kabisa.

Haukupita muda, kona ya jicho ikaanza kuuma kama ina mchanga.

"Unauma?" daktari aliuliza alipompima.

"Hauumi."

Nyumbani kwao mtoto asiyelalamika ndiye aliyesifiwa. Bibi yake aliwahi kuwafuata ng'ombe siku nzima na mwiba mguuni, na hadi leo watu walimtaja. Tena Hawo aliwaza: nikisema, mrija utatolewa, na Ruwaida ataondoka.

Asubuhi moja aliamka jicho limevimba, linatoa usaha. Shuleni, Ruwaida alimtazama mara moja tu, akabeba madaftari yake.

Jioni Hawo alimshika mama yake kanga. "Mama, unauma. Umekuwa ukiuma siku zote."

Daktari aliutoa mrija, akampa dawa. Hawo aliuliza kwa sauti ndogo, "Nimeuharibu?"

"Hapana. Ncha yake ni ngumu mno, nasi hatukujua."

Miezi ya kungoja mrija mwingine ilikuwa mirefu. Jicho lilirudia machozi yake, na upande wa pili wa dawati ukajaa vumbi.

Hatimaye ukaletwa mrija wenye ncha laini. Siku ya kupimwa, daktari aliuliza tena, "Unauma?"

Hawo alikaribia kusema hapana na kuishia hapo, kisha akagusa kona ya jicho. "Hauumi. Unawasha kidogo, hapa."

Daktari akatabasamu. "Asante. Mama yako amenisimulia ya bibi yako. Mwiba wa mguuni kila mtu anauona, mwanangu. Maumivu haya unayajua wewe peke yako. Ukiyaficha, hata anayetaka kukusaidia hana pa kuanzia. Ukiyasema, unamsaidia na mtoto mwingine ambaye hutamwona kamwe."

Kesho yake Hawo alifuta dawati lote, pande zote mbili. Ruwaida alisimama karibu, madaftari kifuani.

"Linaambukiza?"

"Haliambukizi. Halijawahi kuambukiza. Hukuniuliza."

Ruwaida aliinamisha kichwa. "Basi sogea," alisema polepole.

Hawo akasogea.