Namtoa

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kupanda treni hadi Kenton, kugonga mlango, kuchukua boksi la askari, kisha kurudi Tottenham kabla mdogo wake hajaumaliza wali wote. Ilikuwa Jumamosi ya Disemba, saa kumi jioni, na giza la London lilikuwa limeshashuka bila ya kupiga hodi.

Askari wenyewe si wa bunduki. Ni vijisanamu vya bati na plastiki, kimo chake hakizidi kidole gumba. Watu wazima wenye kazi na ndevu zao huvinunua, huvipaka rangi kwa brashi ya nywele tatu, kisha huvipanga mezani na kupigana navyo vita kwa dadu na futi ya kupimia. Ndiyo, watu wazima. Mansour, mzaliwa wa Wete na karani wa bohari ya mabasi, alikuwa navyo mia mbili na ushei. Mdogo wake, Muhiddin, alizoea kumtania kwamba wenziwe wanajenga nyumba kwao, yeye anajenga jeshi.

Mansour hucheka tu. Alimpenda mno kijana yule. Mama yao alipokubali Muhiddin aje kusoma Uingereza, hakusema mengi. Alisema huyu ndiye kitindamimba wangu, nakupa amana. Tangu siku hiyo Mansour alikuwa halali vizuri Muhiddin akichelewa kurudi. Hata katika jeshi lake, mshika bendera alimpaka kwa sura ya mdogo wake, na baka jeusi chini ya jicho la kushoto. Jioni ile alikuwa naye mkobani pamoja na askari wengine thelathini, kwa kuwa tangazo lilisema aje na watu wake.

Tangazo alikuwa ameliona mtandaoni. Askari wa zamani, bure, kwa atakayecheza nami mchezo mmoja.

Bure! Mtu aliyeishi London miaka kumi na miwili anajua kwamba hapa hata mfuko wa plastiki una bei yake. Hapo ndipo angeshtuka. Lakini akipenda, chongo huita kengeza.

Aligonga mara moja. Mlango ukafunguka kabla hajainua mkono tena.

Alikuwa bibi mfupi, kajitanda kanga, miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi. Nyumba ilinukia udi. Na chini ya udi ilikuwapo harufu nyingine... ya udongo mbichi, kama uliochimbuliwa asubuhi ile.

"Wa wapi huko kwetu, mwanangu?" akamuuliza.

Mansour alikuwa hajatamka hata neno. Tangazo lilikuwa la Kiingereza, na mtaa mzima ule ulikuwa wa Wahindi. Akajiambia labda ni jina lake kwenye ujumbe aliomtumia. Akaamkia, akajibu, akavua viatu. Bibi akasema anaitwa Bi Mize, naye ni wa Pemba vilevile, kaja zamani na mumewe. Mansour alipouliza kama mume ni marehemu, Bi Mize alisema tu kwamba hayupo, akatangulia chumba cha nyuma.

Meza ilikuwa imeshaandaliwa, na watu wa bibi wamesimama upande wa dirisha.

Mansour akainama kuwatazama. Hawakuwa askari. Mmoja alikuwa na kanzu na kofia. Mmoja msichana wa sare za shule. Mmoja mwanamke mjamzito aliyeshika kiuno. Hakuna aliyekuwa na silaha. Nyuso zao hazikufanana hata mbili. Mpaka rangi anajua kwamba jicho ndilo kazi ngumu kuliko zote, ukipumua tu limeharibika. Macho ya watu hawa yalikuwa na umajimaji.

"Nani aliyewapaka?" akauliza.

"Hawakupakwa," akasema Bi Mize, akamsogezea dadu.

Hapa mwenye akili timamu angekumbuka kwamba ana mahali pa kwenda. Mansour naye alikumbuka, alitazama mlango mara mbili. Lakini mtoto wa watu aliyelelewa vizuri hamkimbii kikongwe aliyemkaribisha, na tena vijisanamu vile alivitamani hadi mate yakamjaa. Basi akafungua mkoba, akapanga watu wake.

Bi Mize alikuwa na sharti moja tu. Kwake mtu hatolewi mezani kimya kimya. Akifa, mwenye wake aulizwe, na ajibu kwa kinywa chake.

Wakaanza. Na haikuchukua muda hofu ya Mansour ikapoa, kwani alikuwa hajawahi kuucheza mchezo huu kwa lugha yake. Kwenye ukumbi anakocheza na wenziwe kila Jumamosi husema yote kwa Kiingereza. Hapa alihesabu kwa Kiswahili na kutupa dadu kwa bismillahi. Akipoteza askari, Bi Mize humuuliza kama anamtoa, naye hujibu anamtoa. Wa kwanza. Wa tatu. Wa nane. Ulimi ukazoea, jibu likawa linatangulia swali.

Kitu kimoja tu alikiona, akakipuuza. Wa bibi walipouawa, hakuwatoa. Aliwalaza, kisha akawasimamisha tena.

Dadu ya Bi Mize ikadunda, ikatulia kwenye sita. Kikongwe akanyoosha kidole mpaka karibu na mshika bendera.

"Na huyu ni nani?"

"Huyo Muhiddin, mdogo wangu," akasema Mansour, akitabasamu kwa kuwa bibi kaona ni sura ya mtu.

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja, bibi."

"Unamtoa?"

"Namtoa."

Jokofu la jikoni likazima. Saa ya ukutani ikaacha kugonga. Na pale mezani, upande wa dirisha... pumzi zikashushwa. Nyingi. Kwa pamoja.

Hapo ndipo Mansour alipolisikia neno alilolitamka.

Hakuna mtoto wa Pemba asiyelijua neno lile, hata kama hafundishwi. Kuna chama cha wachawi ambacho watu hawakitaji jina. Anayeingia hadaiwi mbuzi wala ubani. Huulizwa swali moja tu, unamtoa nani, na lazima awe damu yake. Anayetolewa hachinjwi, hapewi sumu. Mwenye wake hutamka tu, kwa kinywa chake, na basi, huyo keshakuwa wa chama. Mansour aliyasikia hayo tangu hajaota meno ya pili, na leo yamemtoka akicheka.

"Bibi, mimi nilikusudia ya mchezo," akasema Mansour.

"Nami nimekuuliza ya mchezo."

"Basi namrudisha."

Bi Mize akamtazama kwa huruma. Huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

"Umewahi kusikia aliyetolewa akarudishwa?" akanong'ona. "Boksi lako hilo, chukua. Na Jumamosi usichelewe, wenzio wana hamu ya kukuona."

Mansour akanyoosha mkono amnyakue mshika bendera. Hakuwepo pale alipokuwa amesimama. Alikuwa upande wa dirisha, katikati ya msichana wa shule na mwanamke mjamzito, na jicho lake lililopakwa kwa brashi ya nywele tatu lilikuwa limelowa.

Alitoka mbio na viatu mkononi. Hakuchukua boksi wala jeshi lake.

Jukwaani kituoni alipiga simu. Ikaita. Ikaita... Ikapokewa.

"Naam," akasema Muhiddin.

Mansour akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Alimuuliza yuko wapi, anaumwa, yuko salama? Muhiddin alijibu naam, yuko nyumbani.

Nyumbani taa zilikuwa zimezimwa. Alipowasha ya sebuleni alimkuta mdogo wake amesimama katikati ya zulia, mkono mmoja ameukunja mbele ya kifua kama aliyeshika mti wa bendera. Sufuria ya wali haijaguswa. Mansour akamwambia akae, akakaa. Akamwambia ale, akala, na hakuacha mpaka alipoambiwa basi. Mansour akamshika shavu. Lilikuwa na joto. Baka lilikuwa pale pale chini ya jicho. Akajiambia ni uchovu wa mitihani. Akajiambia baridi ya nchi hii huwafanya watu hivi. Alijiambia mengi, maskini.

Simu ikalia. Mama, kutoka Wete, ambako ilikuwa inakaribia saa tano za usiku. Hakuwa na kawaida ya kupiga wakati huo. Alisema moyo umemwenda mbio tangu baada ya isha, hataki mengine, anataka kumsikia Muhiddin.

Mansour akampa mdogo wake simu, akamwambia zungumza na mama. Muhiddin akazungumza. Hajambo, amekula, masomo yanakwenda vizuri. Sauti ni ile ile. Hata akacheka mahali palipostahili kuchekwa. Mansour akashusha pumzi, akamshukuru Mungu, akaichukua simu.

"Umeridhika, mama?"

"Mpe Muhiddin simu," akasema mama.

"Ndiye huyo uliyezungumza naye."

"Mansour, mimi ndiye niliyemzaa." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Sijui umemuweka nani hapo. Mimi nataka mwanangu. Mpe simu."

Mansour akamtazama kijana aliyekaa mbele yake, mikono juu ya magoti, akingoja kuambiwa la kufanya. Mama akaomba tena. Akaomba mara ya tatu, sasa analia, na Mansour aliishika simu sikioni bila ya kujua ampe nani.