Kadi Tatu, Mraba Mmoja

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la Chapa kilinuka wino na gundi. Watu wanne, viti vitatu. Mjomba alikaa, hilo halikuwa na mjadala. Yeye ndiye mwenye mpango. Yeye ndiye aliyewalea Chapa na mdogo wake tangu mama yao afariki, akawafundisha na kazi. Kazi gani, msiniulize. Si ya kuandikwa kwenye kitambulisho.

"Tena," Mjomba alisema. "Mara ya mwisho."

Mpango ulikuwa mwepesi. Kwenye ukumbi wa maonyesho, wauza vito walikuwa wamepanga mawe yao kwenye makabati ya vioo. Hayo ya kutazamwa tu. Mawe yenyewe yalikaa kwenye kasha la chuma, chumba cha ndani, na mlinzi wa kasha hilo alikuwa mpenda kula, mchana hakai. Funguo, mdogo wake Chapa, angelifungua. Mjomba angebeba. Chapa angesimama mlangoni na kukohoa mtu akija. Usukani, mke wa Chapa, angengoja nje na gari.

"Na kuingia?" Mjomba aliuliza.

Chapa akatupa kadi tatu mezani. Kadi za wafagiaji wa ukumbi. Picha safi, majina safi, kamba za shingoni za buluu, na chini kabisa ule mraba wa vidoa vyeusi. Alizitupa kwa madaha, kama mtu anayegawa zawadi. Mihuri ya ofisi, vyeti vya shule, leseni, vyote vilishapita mikononi mwake, na hakuna mlinzi aliyewahi kuikataa kazi yake.

Usukani aliziokota. Akatoa simu, akaskani ya kwanza. Akaskani ya pili. Akanyanyua uso.

"Baba watoto, hizi zinasoma mtu mmoja."

"Zinasoma nini?"

"Mtu mmoja. Namba ile ile. Kila kadi inatakiwa iwe na QR yake."

"Mraba ni mraba," Chapa alisema. "Mlinzi anaangalia picha, anaangalia jina, pita. Nani ana macho ya kusoma vidoa?"

"Mlinzi hasomi. Mashine inasoma."

Ukweli ni huu. Chapa alikuwa na kadi moja tu ya kweli, ya mfagiaji aliyekuwa likizo. Akabadilisha picha, akabadilisha majina, mraba akauacha kama ulivyo. Aliuona ni pambo. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya kubonyeza, na alijivunia.

"Mniache na hivyo vitu," Mjomba alisema. "Juzi nimeingia mgahawani, njaa inaniuma. Naomba menyu. Kijana ananionyesha kibandiko. Eti skani, mzee. Nimekuja kula au nimekuja kupiga meza picha?"

"Mimi vinanisaidia," Usukani alisema. "Dukani nalipa bila kugombania chenji. Dawa ya mtoto naskani boksi, najua kama ni feki."

"Feki ndiyo riziki yetu, mama," Chapa akamjibu, na Mjomba akacheka mpaka akakohoa.

Funguo hakucheka. Alikuwa ametoka jela mwanzo wa mwaka. Hakimu alimwambia wazi: ukirudi tena hapa, utazeekea ndani. Hii kazi hakuitaka. Alikuja kwa sababu kaka yake alimwita.

"Kaka," alisema. "Ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Ukisema ziko sawa, naenda."

"Ziko sawa, bwana! Mnataka niape?"

Usukani alimtazama mumewe. Akachukua ufunguo wa gari.

Saa tano asubuhi.

Foleni ya wafanyakazi ilipigwa na jua. Mlangoni palikuwa na chuma cha kuzunguka, mashine ndogo juu yake, na binti wa ulinzi aliyechoka kabla ya mchana.

"Inua kadi, dada. Shusha. Usitikise. Futa jasho kwanza, haisomi ikiwa na maji."

"Si ungetuandika kwenye daftari tu?" mtu alifoka nyuma. "Tungekuwa ndani saa hizi!"

"Nenda kamwambie meneja."

Funguo akafika. Akaweka kadi. Tii. Taa ya kijani. Chuma kikazunguka, akapita.

Chapa akaweka yake. Tii tii tii. Nyekundu.

"Mzee, wewe umeshaingia," binti alisema.

"Nimeshaingia vipi na nimesimama hapa?"

"Mashine inasema uko ndani."

"Wewe unaniona wapi?"

"Baba yangu, nimetukanwa tangu asubuhi. Nenda dirishani kwa malalamiko. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Mjomba, lakini Mjomba alikuwa ameona. Alishatoka kwenye foleni zamani. Chapa alipogeuka alimwona upande wa pili, amejichanganya na wapagazi, bega lake kwenye mkokoteni wa maji ya chupa, anapotelea ndani kwa mlango wa mizigo. Mjanja huyo mtu, hilo tumpe.

Chapa alirudi garini anatweta.

"Imenikataa."

Usukani hakusema "nilikwambia". Angesema ingekuwa afadhali.

"Kutoka pia wanaskani," alisema. "Kadi inaingia mara moja, inatoka mara moja. Zile zenu tatu, kwa ile mashine, ni mtu mmoja."

Chapa alihesabu kadi kwa vidole. Kisha ikamwingia akilini. Atatoka mmoja.

Akabonyeza simu kwa vidole vinavyoteleza. Ikaita, ikaita.

"Mjomba! Sikia. Kadi zitamtoa mmoja tu. Mwache Funguo atangulie. Wewe pita ulikoingilia, kwa mizigo. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Funguo kwanza!"

"Nimekusikia, mpwa. Usinipigie kelele." Ikakatwa.

Saa sita na robo.

Mtu alitokea mlangoni. Taa ya kijani. Chapa alikuwa ameshafungua mlango wa gari kabla hajaona vizuri. Kisha akaona. Mwendo ule wa taratibu, kofia ile, mfuko begani.

Mjomba aliingia kiti cha nyuma. "Twende."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Anakuja. Endesha, mama."

"Nilikwambia yeye kwanza!"

"Mlango wa mizigo wameufunga. Mawe ninayo mimi. Ulitaka nibaki nayo ndani?"

"Si ungempa yeye!"

Mjomba aliangalia dirishani, na hapo Chapa akapata jibu lake. Mtu aliyemfungia kamba za viatu utotoni alikuwa amepima, mawe upande huu, mtoto wa dada yake upande ule, na wala hakuchelewa kupima.

Ndani, kengele ikaanza kulia.

"Endesha!"

Usukani alizima gari. Akachomoa ufunguo, akaukalia.

"Mmerogwa nyie," Mjomba alisema. Akafungua mlango, akashuka na mfuko wake, akavuka barabara bila kukimbia. Hakuna aliyemsimamisha. Mpaka leo hakuna aliyemsimamisha.

Chapa naye alishuka. Mkewe akamwahi, akamshika kamba ya buluu shingoni, akaivuta ikakatika. Kadi ikabaki mkononi mwake. Chapa hata hakugeuka. Alikuwa anakimbia.

Pale mlangoni walinzi watatu walikuwa wamemlaza Funguo kifudifudi. Vyuma vyake vya kufungulia vilimwagika sakafuni. Mashine ilikuwa bado inapiga tii tii tii, hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Mwacheni!" Chapa alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyetengeneza kadi! Nimemdanganya mimi! Nishikeni mimi!"

Mkubwa wa walinzi akamtazama juu mpaka chini. "Kadi gani? Yako iko wapi?"

Chapa akapapasa shingo. Hakuna kitu.

"Ni mdogo wangu! Tumbo moja! Mwulizeni!"

Walimnyanyua Funguo. Damu ilimtoka mdomoni. Alimtazama kaka yake, akamtazama shemeji yake aliyekuwa amefika anahema nyuma.

"Simjui," alisema. "Mwondoeni huyu mzee, ananichanganya."

"Mdogo wangu, usifanye hivyo! Sema!"

"Simjui."

Usukani alimshika mumewe kiunoni kwa mikono miwili.

"Tusameheni, wanangu. Mume wangu hajatulia. Mashine ilimkataa asubuhi, tangu hapo anaongea tu."

"Kweli," yule binti wa foleni alisema. "Namkumbuka huyu baba. Iligoma kumsoma."

"Mwongo! Wote waongo! Nasema ni mimi!"

"Nenda nyumbani, mzee," mkubwa wa walinzi alisema, kwa upole kabisa. "Hizi mashine zinatuchosha sote."

Wakampakia Funguo kwenye gari lao. Hakugeuka nyuma. Chapa alipiga magoti pale pale, akalia kwa sauti, na foleni ya mchana ikampita pembeni, kila mtu na kadi yake mkononi.